Zambarau Baada ya Pasaka

Kaka Yohana,

Mama anaona. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa usingenivumilia nizunguke. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji, mtoto wa jicho ametolewa, na siku aliyofunguliwa bandeji mtu wa kwanza kuonwa nilikuwa mimi, niliyekuja kukaa kwenu wakati tayari haoni. Alinitazama hadi nikaona haya, kisha akasema, "Anjela, kumbe una mwanya! Miaka yote unacheka mbele yangu na mwanya wako na mimi sijui." Nilicheka huku machozi yananitoka. Nesi akadhani tumegombana.

Madaktari walikuja na kambi ya macho Lushoto mjini, kabla kidogo ya Kwaresma. Wewe ulihangaika sana kutafuta kambi ya namna hiyo, ukaandikisha jina la Mama kila mahali, halafu imekuja wewe hupo. Nakwambia ukweli, hilo liliniudhi. Nilimshika Mama mkono kwenye foleni huku nimemkasirikia kila mtu mwenye afya aliyepita mbele yetu.

Tangu arudi nyumbani hatulii. Amekagua masufuria, akasema tumekuwa tukimpikia kwenye masizi. Ameshuka hadi kwenye kabichi akageuza majani moja moja. Ameona mpeasi wa nyuma ya nyumba haupo, akauliza nani aliukata na kwa ruhusa ya nani, na hakuna aliyemjibu, maana uliukata wewe. Halafu siku moja anaota jua barazani akasema, "Sasa nataka kumwona Yohana." Alisema tu hivyo, kama mtu anayeomba chumvi.

Unajua kwa nini niliinuka nikakimbilia jikoni.

Wewe ndiye uliyetuapisha. Ulipoambiwa ini limeharibika na hakuna la kufanya, uliniita nyuma ya kanisa, mimi na mwinjilisti, ukasema Mama asijue. Ulisema ameshazika wanawe wawili baada ya kuwauguza, na kwamba heri huyu wa tatu aambiwe amekufa ghafla kuliko akae anamsubiri afe. Nilibisha. Ukanikatisha kwa sauti ile ile unayomkatisha nayo mtu wa sauti ya tena kwenye kwaya yako aliyepotea njia. Basi kijiji kizima kikala njama. Ulikonda, ukawa unavaa masweta mawili ili akikushika mkono asiukute mfupa. Macho yako yakawa ya njano kama kiini cha yai la kienyeji, na Mama alikuwa anakaa na wewe, anakula na wewe, anakuombea usiku, haoni. Sauti yako haikubadilika. Sauti ndiyo ilikuwa inamdanganya. Tulipokuzika, kila aliyesimama pale alisema "ghafla, ghafla," na Mama akashikilia neno hilo kama mkongojo.

Sasa video anayoitaka ni ile niliyokurekodi mimi, ile ambayo umekaa kwenye kiti cha mzee wa kanisa unaifundisha kwaya mistari ya besi, na mwishoni unasema, "Mama, usiku mwema, vaa sweta." Ameisikiliza kwenye simu yangu mara nyingi mpaka anajua mahali unapokohoa. Nilimshauri nimwekee ya zamani, ya siku mlipokwenda kuimba kule Bungu, ulipokuwa bado una mashavu. Akakataa kabisa. "Nataka hiyo ninayoisikia." Kwenye simu alisema ni ndogo, jicho moja halimtoshi. Alitaka uonyeshwe kanisani ukutani, mkubwa.

Hapo ndipo inapoingia habari ya mitambo, na naomba usinicheke.

Tangu ulipoondoka, kile kiboksi cha mtandao ulichokiunganisha na projekta ndicho kinachotutolea maneno ya nyimbo kila Jumapili. Ukumbuke, herufi nyeupe juu ya weusi. Sasa kwenye Jumapili ya kwanza ya Kwaresma nawasha, ukuta wote zambarau. Ule weusi umegeuka zambarau kabisa, na herufi zina ukijani kwa mbali. Mimi nikatazama madhabahu, nikaona vitambaa vya zambarau, nikatazama stola shingoni mwa mchungaji, zambarau, nikajisemea mwinjilisti safari hii amejitahidi, hata mitambo ameivalisha Kwaresma. Baada ya ibada akina mama wakanisifu. Nikawaambia ni mwinjilisti. Mwinjilisti naye walipomsifu akasema ni Anjela, huyu binti ana jicho, ndiyo maana ni fundi cherehani. Kila mmoja akanyamaza na sifa zake kidogo mfukoni. Kwaresma nzima, Kaka Yohana! Tumeimba nyimbo za mateso kwenye mitambo mibovu, na tukaona imependeza.

Pasaka ikafika. Vitambaa vyeupe juu ya madhabahu, maua, watoto wamevaa meupe, ukuta zambarau. Mwinjilisti akaja nyuma ninapokaa, akaninong'oneza kwa hasira, "Anjela, Bwana amefufuka, rudisha rangi." Nikamwambia arudishe yeye, si ndiye aliyeiweka? Tukatazamana. Ndipo tulipojua kwamba hakuna aliyeweka kitu.

Ningeweza kutengeneza siku ile ile. Sikufanya hivyo. Jioni nyumbani nilifungua video yako kwenye simu, nikakuona macho yako ya njano, nikafikiri jinsi yatakavyokuwa yakiwa ukubwa wa dirisha. Halafu nikaufikiria ule ukuta. Juu ya zambarau nani atajua kilichokuwa cha njano? Nikasema acha, nitamwonyesha Mama kwanza, ataona uso, ataona mdomo unaimba, ataridhika, kisha nitengeneze. Niliona nimepata njia. Nilimweleza mwinjilisti, akaniunga mkono, akasema hata kuharibika kwa kitu kunaweza kuwa na makusudi yake.

Tulikwenda Alhamisi iliyofuata mchana, wakati kanisa halina mtu; tangu upasuaji Mama alikuwa hajaingia humo. Tulikuwa watatu tu, Mama, mimi na mwinjilisti mwenye funguo. Mama alivaa kitenge kile ulichomnunulia Muheza, akapaka mafuta usoni kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ngazi, ndani kukawa na giza la kutosha hata kabla ya kufunga mapazia. Nikamkalisha benchi la mbele, nikawasha.

Ukatokea. Uso wa zambarau iliyofifia, kama nyama iliyokaa, na kila mahali penye weupe pana kijani. Weupe wa macho yako ulikuwa kijani kabisa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuona rangi mbaya, sikuwa nimejiandaa kuona maiti. Na sauti yako ile ile inasema, "Besi, mnashuka mapema, mnakimbilia wapi?"

Mama aliinua kiganja akaziba jicho la kushoto, lile ambalo bado ni bovu. Akaondoa. Akafuta la kulia kwa ncha ya kitenge. Akageuka kutafuta nilipo, na sauti yake ilikuwa ndogo sijapata kuisikia hivyo.

"Anjela. Jicho limeharibika."

Nikamwambia hapana Mama, ni mashine. Akasema, "Ni jicho. Nilijua ilikuwa raha ya siku chache. Msinipeleke tena kwa hilo la pili, niacheni na giza langu nililolizoea." Na akaanza kujipapasa kutafuta fimbo, fimbo ambayo tangu afunguliwe bandeji hakuwa ameigusa. Kaka, hapo nilijichukia. Nilitaka kumkinga asikuone mgonjwa, na sasa nilikuwa namwondolea jicho lake mwenyewe.

Nikasimamisha picha, uso wako ukabaki pale. Nikaanza na waya, maana ndivyo ulivyonifundisha, kwamba usiguse mipangilio kabla hujashika waya. Nikachomoa, nikapuliza, nikageuza upande, nikachomeka. Zambarau. Nikachukua waya mwingine wa HDMI kwenye begi lako, ule wenye uzi mwekundu uliofungwa na wewe. Zambarau. Nikaenda kwenye projekta nikabadilisha aina ya picha, ile ya sinema, ile ya darasani, ya mchana. Zambarau nyepesi, zambarau nzito. Rimoti ikaniponyoka ikaanguka chini ya benchi, na mwinjilisti akapiga magoti kuitafuta huku ananong'ona, "Tuahirishe, mwanangu, mvua inakuja, tuahirishe." Nilimwambia anyamaze. Ndiyo, mwinjilisti. Nitamwomba radhi nikipoa.

Kisha nikafanya lile ambalo fundi yeyote angefanya, sikufikiria litakuja na nini. Nilichomoa waya kwenye kiboksi nikauchomeka kwenye kompyuta ya mwinjilisti, ili nijue kosa liko wapi. Ukutani ikatokea picha anayoiweka kwenye kioo cha kompyuta hiyo, mjukuu wake amevaa gauni jekundu anakula peasi. Nyekundu kabisa. Peasi ya kijani. Meno meupe.

"Hiyo nyekundu naiona," Mama akasema.

Nikafurahi. Nikamwambia, si unaona Mama, jicho zima! Na yeye akautazama ukuta, kisha akasema taratibu, kama anayehesabu shuka:

"Kwa hiyo jicho ni zima. Mtoto wa watu naonyeshwa na rangi zake. Ni Yohana wangu tu ninayeonyeshwa hivyo. Kwa nini?"

Nikasema ni kiboksi, Mama. Nikaanza kumweleza. Akanyoosha mkono akanizuia. "Nyinyi mmezoea kuniambia. Niliambiwa mpeasi upo. Niliambiwa masufuria ni safi. Leo sitaki kuambiwa, nataka kuona."

Mwinjilisti alinitazama akatikisa kichwa. Nikarudisha waya kwenye kiboksi.

Kosa nililipata haraka, na lilikuwa dogo la kutia hasira. Kiboksi kilikuwa kimejisasisha chenyewe kwenye mtandao, nadhani kabla tu ya Jumatano ya Majivu, na kikabadilisha namna kinavyotuma rangi. Kinatuma mwanga peke yake na tofauti za rangi peke yake, na projekta yetu ya zamani inavipokea kana kwamba ni nyekundu, kijani na bluu. Ni kama mtu wa soprano umpe karatasi ya besi, ataimba kwa bidii lakini si wimbo wenyewe. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio, upande wa picha, muundo wa rangi, ukachagua RGB. Basi. Ungekuwa wewe ungemaliza kabla kwaya haijakaa.

Nikachagua. Ukuta ukawa mweusi, kisha ukarudi wewe.

Wewe mwenyewe. Sweta la kahawia, ukuta wa nyuma mweupe, shingo nyembamba inacheza ndani ya kola. Na macho, Kaka. Macho ya njano, makubwa, yanamtazama mama yako uso kwa uso.

Hukuwahi kuniambia kama unajua hili, lakini kiboksi hiki ukibadilisha rangi hakikuamini. Kinaweka swali katikati ya picha, kinauliza kama ubaki na mpangilio huu, na namba zinaanza kushuka. Usipobonyeza, kinarudi kilikotoka. Swali lilikaa kifuani pako, namba zinashuka, na mimi nimeshika rimoti. Nikaona kwamba sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji tu kukaa kimya kama tulivyokaa kimya wote mwaka mzima, zambarau irudi, niseme kimegoma, twende nyumbani. Ahadi yako ingebaki salama. Mwinjilisti alikuwa amefumba macho, nafikiri anaomba zishuke upesi.

Mama alikuwa amesimama. Fimbo iko chini, mikono yote miwili iko kifuani, shingo ameivuta mbele kama anayejaribu kusikia, ila safari hii alikuwa anatazama.

Nikabonyeza. Nilibonyeza kwa nguvu hadi kucha ikauma.

Na mvua ikashuka hapo hapo, mvua yetu ya masika, juu ya bati. Niliendesha video, midomo yako inasogea, hatusikii neno. Yeye ambaye alikuwa na sauti yako tu, sasa alikuwa na uso tu. Aliitazama yote hadi mwisho, hadi pale unaposema usiku mwema. Mvua ilipopungua akauliza bila kugeuka, "Hayo macho ni nini?"

"Ni ini, Mama."

"Kwa hiyo hakuanguka ghafla."

"Hapana, Mama."

"Mwinjilisti alijua?" Mwinjilisti akasema ndiyo, kwa sauti ya mtoto. "Kanisa lilijua?" Ndiyo. Hapo alihamia Kishambaa, akasogea hadi ukutani, akakusemesha. Mengi siyaandiki, ni yako na yake. Alikuita muongo. Alikuita mghosi wangu, mwanamume wangu, kama alivyokuwa anakuita ukileta kuni, kisha akakuita muongo tena. Na hili nitaliandika kwa sababu linanichoma hata sasa: alisema, "Nilikuwa nakula nashiba, na wewe unakufa chumba cha pili."

Alitaka irudiwe. Nikairudia. Mara hii alisikia, akakuona unakohoa mahali alipopajua kwa sikio, akatikisa kichwa. Kisha akakaa, akajifunga kitenge vizuri, akaniambia, "Wale madaktari wakirudi, na hili la pili nalo. Sitaki tena kuambiwa."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nimevunja neno lako. Sikuombi radhi, na ukitaka kununa, nuna. Ulimpenda, lakini ulimfungia nje ya jambo lililokuwa lake kuliko letu sote, na sisi tukashika mlango. Nakukasirikia kwa hilo na nakukumbuka hadi naumia, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kinaanza asubuhi.

Majirani sasa wanapita mbali na uwanja wetu. Wakimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, halafu anawakazia jicho moja hadi waondoke. Mwinjilisti ameleta mayai, yamerudishwa. Mimi hajanifukuza. Ananiuliza. Kila siku ana swali moja, nami najibu, hata linapouma. Aliuliza nani alikuwa anafua mashuka yako. Aliuliza kama ulilia. Nilimwambia mara moja tu, siku ulipoacha kwaya.

Jana aliuliza lililonishinda. Alisema, "Zile alasiri za mwisho alizokuwa ananiaga anakwenda mazoezini, na hawezi kutembea hadi kanisani, alikuwa anakwenda wapi?" Nikamwomba anipe hadi kesho. Nilitaka kwanza nikuandikie wewe, usije ukasema nimekuzunguka.

Ulikuwa huendi popote. Ulikuwa unafunga mlango kwa kishindo ili asikie umetoka, kisha unakaa kwenye gogo la jikoni, karibu naye kabisa, umeziba mdomo kwa leso usikohoe. Ulimtazama akichambua maharage. Ulimtazama akiimba nyimbo zako akizikosea. Siku moja nilikukuta hapo, na Mama akasema peke yake, kwa sauti, "Yohana angekuwepo angenisogezea huu ungo." Ulinyoosha mkono, ukaurudisha. Ukanitazama mimi. Nikapita nikausogeza, naye akanishukuru mimi.

Lala salama, Kaka Yohana. Nitampeleka kwa jicho la pili, na nitakaa naye kwenye foleni hadi aitwe. Na kesho, akishakunywa chai, nitamwambia kwamba siku ile alipokutaja, ulikuwepo.

Ni mimi,
Anjela